Mukhwana, Mulongo na Simu Iliyoombewa

Vijana, nawaonea wivu na sioni aibu kusema. Simu zenu zina nafasi mbili za laini. Ukihama mtandao unahama na nambari yako, kama mtu anayehama na godoro lake. Na bado nawasikia hapa kwenye kibaraza changu mkilia kwamba maisha ni magumu. Juzi mjukuu wa jirani alikuja kuniuliza, "Shosho, nihame mtandao ama ninunue simu ambayo haijafungwa?" Ati kwa sababu niliuza simu na laini miaka yangu yote ya nguvu, Kitale kwanza kisha Bungoma, basi jibu ninalo mfukoni. Ninalo kweli. Ila halitoki bila hadithi, na chai utachemsha wewe.

Nilianza kazi kwa Bwana Ndirangu, aliyekuwa na duka Kitale karibu na soko. Kabla ya simu aliuza redio, na kabla ya redio aliuza mbegu za kabichi, na vyote aliviuza kwa kiapo kimoja: "Hii haiharibiki." Somo lake la kwanza kwangu lilikuwa fupi. "Mama Njeri," akaniambia, "mteja akikuletea swali, usimpe jibu. Jibu ni la bure. Mpe simu." Nilikuwa mwanafunzi mwema, kwa hivyo kuna watu Trans-Nzoia hadi leo wana simu walizonunua walipokuwa wameingia tu kuuliza njia ya kwenda benki.

Fundi wetu alikuwa Wafula, mtu wa Bungoma. Mikono yake ilikuwa mitulivu kuliko ya daktari, lakini mdomo wake haukuwahi kupumzika. Kwake laini ilikuwa "raini" na redio ilikuwa "ledio". Sikuwa na haki ya kumcheka, maana kwetu pia tunazo herufi hizo mbili na tunazitupa popote zinapoangukia. Wateja waliotusikia tukibishana walidhani ni lugha moja.

Mitandao ilikuwa miwili. Siitaji kwa majina, kwa sababu wenyewe wana mawakili na mimi nina kuku. Wafula aliipa majina ya mapacha wa kwao, Mukhwana na Mulongo, kwa vile ilizaliwa pamoja na ikaanza kupigana kabla ya kufungua macho. Mukhwana alishika vizuri Kitale mjini. Mulongo alishika vizuri huko chini, Kamukuywa na vijiji vyake. Kila mmoja alitangaza kwamba anashika Kenya nzima, na labda ni kweli, ikiwa Kenya inaishia pale bango la tangazo lilipopigwa misumari.

Kila pacha aliuza simu zake kwa bei ya huruma. Kwa huruma hiyo hiyo akazifunga, ili ukitia laini ya ndugu yake, simu igome kama punda. Simu isiyofungwa, inayokubali laini yoyote, ilikuwa ghali sana. Walioweza kuinunua waliishika mkononi kila mahali, hata msibani, hata wakibeba jeneza.

Hapo sikilizeni jambo la kazi, msije mkasema Shosho alipiga domo tu. Usinunue simu kwa kutazama mistari ya mtandao dukani. Dukani mistari hujaa kila siku, kwani sisi tulitafuta mahali ilipojaa ndipo tukaweka kaunta. Baadaye nilipohamia Bungoma, mkulima mmoja wa upande wa Mabanga alinunua simu kwangu, akafika kwake, mistari ikaisha. Alirudi na hasira. "Hapa niliona minne. Kwangu hakuna hata mmoja. Mmebaki nayo!" Alitaka tufungue droo tumpe mistari yake. Basi azima laini ya jirani, uijaribu mahali unapolala, si mahali unapolipia. Na simu ya mkono wa pili, toa betri, ilaze mezani uizungushe kwa kidole. Ikizunguka kama pia, tumbo limevimba. Mrudishie mwenyewe na umtakie siku njema.

Sasa Mama Simiyu. Huyu alikuwa mama wa kanisa, mkulima, ambaye kwa muda aliuza mboga soko la Kitale akiishi kwa dada yake. Simu yake alinunua kwetu, ya Mukhwana, imefungwa kama desturi. Kisha mume wake akapatwa na ugonjwa wa sukari, ikabidi mama arudi nyumbani Kamukuywa kumtunza. Na kule, Mukhwana alipatikana mahali pamoja tu, juu ya kichuguu mwisho wa shamba, ukisimama na mguu mmoja ukiwa mbele. Siku moja mzee alilazwa Lugulu, hospitali ikamtafuta mama kwa simu mchana kutwa bila kumpata. Watoto wake wa kike wakamwambia imetosha, ahamie Mulongo kama watu wote wa kijiji.

Akaja dukani. Nikamweleza kwa lugha yangu nzuri ya kaunta. "Mama Simiyu, njia ni mbili. Ununue simu mpya isiyofungwa," hapo nikamwonyesha moja yenye tochi, kama Bwana Ndirangu alivyonifunza, "ama hii yako ifunguliwe. Shida ni kwamba imefungwa."

"Nani aliifunga?" akauliza.

"Wenyewe. Tangu ilipotengenezwa."

"Tangu tumboni," akasema polepole, akitikisa kichwa. "Na kufunguliwa kunachukua muda?"

"Inategemea. Zingine zinatoka haraka. Zingine ni sugu, zinasumbua mpaka mtu anatoka jasho."

Akanishukuru sana, akaifunga simu katika leso, akaenda. Nilishangaa kidogo kwa nini hakumwachia Wafula pale pale. Nikasema labda anaenda kuwauliza watoto.

Juma lililofuata akarudi na simu inang'aa. Niliishika ikanitoka mkononi kama samaki.

"Hii ni nini?"

"Mafuta," akasema. "Tuliipeleka mbele Jumapili. Pasta akaiwekea mikono, kanisa likasimama, tukakemea. Mama Njeri, ilitetemeka! Watu wote waliona, ilitetemeka mkononi mwa pasta. Lakini nikitia laini ya binti yangu bado inakataa. Si uliniambia zingine ni sugu?"

Wafula alikuwa nyuma na kikombe cha chai. Chai ilimpitia puani. Mimi niliuma mdomo mpaka machozi yakanitoka, naye Mama Simiyu akadhani nimeguswa na ushuhuda. Lakini fikirini, vijana, nani hapo alikuwa mjinga? Mtu umeambiwa kitu kimefungwa tangu tumboni, kinahitaji kufunguliwa, vingine ni sugu, na wewe umeokoka. Ungekipeleka kwa fundi kweli? Kiswahili ndicho kilichompeleka mama madhabahuni. Huko kutetemeka nako, Wafula alisema baadaye, ilikuwa betri inakata roho.

Wafula aliifungua kwa bisibisi, akaisafisha kwa spiriti kitufe kwa kitufe. "Mama," akasema kwa heshima yote aliyobaki nayo, "maombi yamefika. Rakini hii pepo inatorewa na waya." Akaiunganisha na kompyuta yake kuukuu, akabonyeza hapa na pale, akatia laini ya Mulongo. Simu ikaitikia. Mama Simiyu akasema haleluya, na nafikiri hadi leo kanisa lile linahesabu ushindi huo kuwa wake.

Nikatoa laini mpya ya Mulongo kwenye droo. Biashara imeiva. Mama akauliza, "Na nambari yangu?"

"Unapata nyingine. Nzuri tu, hata ni rahisi kukumbuka."

Uso wake ukabadilika. Akaichukua simu yake, akairudisha kwenye leso. "Basi wacha tu. Nitasimama kwenye kichuguu."

Nilikasirika, sitawaficha. Tumesafisha mafuta ya upako, tumefukuza pepo kwa waya, halafu ati wacha tu? Nikamuuliza hiyo nambari ina dhahabu gani. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akanieleza.

Mtoto wake wa kwanza, Simiyu, aliacha chuo cha ualimu katikati. Baba yake akachemka, akamwambia, "Toka hapa, na usirudi mpaka uwe mtu." Maneno ya hasira, ya kusemwa na kusahauliwa ugali ukiiva. Kijana hakuyasahau. Aliondoka akiwa na nambari ya mama yake kichwani, ikasemekana yuko Kampala. Tangu siku hiyo hakuwahi kuongea na mtu nyumbani. Alikuwa anaflashi tu.

Nyinyi wa leo mnaopiga simu mkioga, nawaeleza flashi. Unapiga, inaita, unakata kabla mwenzako hajashika, na hulipi kitu. Ilikuwa na sheria kuliko bunge. Mara moja ni "nipigie." Mara mbili ni "nimefika." Na sheria kubwa kuliko zote ilikuwa hii: usishike! Ukishika flashi ya mtu umemlia pesa, na nimeona uchumba wa watu ukivunjika kwa kosa hilo.

"Mimi huwa sishiki," Mama Simiyu akasema. "Atakuwa na pesa kidogo, nimle mtoto wangu? Nikipiga tena naambiwa ni simu ya jamii, ya kila anayelipa, huyo kijana ameenda, na inakatwa kabla sijauliza ni wapi. Kwa hivyo naacha inaita. Ikiita najua ako hai. Yeye akisikia inaita anajua niko hai. Sasa nikihama mtandao, akipiga ataambiwa mteja hapatikani. Leo mteja, kesho mteja. Atasema nini, Mama Njeri? Si atasema mama alikufa na hawakunitafuta?"

Kaunta nzima ya simu ilikuwa mbele yangu na hakuna hata moja niliyoweza kumpa. Hata ile isiyofungwa, ile ghali ya wanaobeba majeneza, ilikuwa na nafasi moja tu ya laini. Ukimtia Mulongo, Mukhwana amekufa, mpaka umtoe tena. Hospitali impate au mwanawe ampate, hiyo ndiyo ilikuwa bei yenyewe. Roho iliniuma. Nami sikuzoea kuumwa roho saa za kazi.

Tulichofanya ni hiki. Mama akaenda na simu yake iliyofunguliwa, Mulongo ndani, hospitali ikampata. Ile laini yake ya zamani nikaitia katika simu moja kuukuu, nikaiweka kwenye meza ya Wafula kando ya chaja, hapo Kitale ambapo Mukhwana hujaa. Mama akaniapisha. "Ikiita, usishike. Wacha mpaka inyamaze. Kisha na wewe uniflashi mimi nijue." Kazi ya ulezi wa laini. Bwana Ndirangu akauliza inalipa nini, nikamwambia inalipa mbinguni, akaguna na kurudi kwa hesabu zake.

Na iliita. Si kila siku, lakini iliita. Nasi sote tunaacha kazi, tunaitazama kama mtoto anayejaribu kusimama, inanyamaza, namflashi mama. Sasa nilikuwa nimeanza kumpenda kijana nisiyemjua. Ikipita wiki mbili bila kuita nilikuwa mkali kwa wateja, kuliko kawaida maanake.

Siku Wafula alipoharibu mambo, alikuwa ameinamia bodi ya simu, chuma cha kuchomelea mkononi. Simu za aina ile zote zilikuwa na mlio mmoja, kwa hivyo mtu akipigiwa sokoni watu kumi hujipapasa mifuko. Ile ya mama ikaita. Wafula bila kuinua kichwa akaiokota, akaiweka sikioni. "Harro! Duka ra simu, tukusaidie nini?"

Nilipiga ukelele. Upande ule mwingine simu ikakatwa.

"Umeshika!" nikamwambia. "Umeshika flashi ya mama!"

"Si niridhani ni yangu, bana!"

Nilimwita majina ambayo siwezi kuyarudia hapa, wengine wenu mmebatizwa juzi. Kwa maana fikirini kijana yule. Nambari ya mama yake, na anayeitikia ni mwanamume wa duka. Simu imeuzwa. Na simu ya mama inauzwa lini? Akishakufa. Nikaitazama nambari iliyopiga, jambo ambalo sikuwahi kufanya, maana kazi yetu ilikuwa kusikiliza mlio tu, na nambari ile niliijua. Laini hiyo niliiuza mimi mwenyewe, kwa mwanamke aliyekuwa na simu ya jamii kwenye maghala ya mahindi, hapo hapo Kitale, nyuma ya mtaa wetu.

Kampala! Kampala gani? Kijana alikuwa anamflashi mama yake kutoka mahali ambapo ningemrushia jiwe likamfikia.

Nilikimbia. Mimi, na mwili huu, na viatu vya kaunta. Yule mwanamke wa simu ya jamii akanionyesha kwa mdomo. "Yule pale. Amekaa tu tangu akate simu. Hata gunia amekataa kubeba." Kijana mrefu, vumbi la mahindi mpaka kwenye kope, ameketi juu ya magunia akitazama chini.

"Wewe ni Simiyu?"

"Nani anauliza?"

"Mimi ndiye nakaa na simu ya mama yako. Mama ako hai. Ako Kamukuywa, anapika, anaomba, anasumbua watu. Alihamia laini nyingine kwa sababu baba yako ni mgonjwa. Ile ya zamani aliniachia mimi niitunze, usikose kuisikia ikiita."

Akanitazama kama mtu anayesomewa barua ya mwingine. Kisha akafunika uso kwa mikono na mabega yakaanza kutikisika. Wabebaji wenzake wakageuka upande, wakajifanya wanahesabu magunia. Aliponyamaza akasema, "Sijakuwa mtu bado, mama. Ningerudi namna gani? Nabeba gunia."

"Na anayebeba gunia ni mbuzi?" nikamuuliza. Nilikuwa nimekasirika tena. Mimi nikiwa na huruma ndivyo ninavyosikika.

Nikaichukua simu ya jamii, nikabonyeza nambari mpya ya mama, nikampa. "Leo hakuna flashi. Leo unaongea. Nalipa mimi." Bwana Ndirangu angenisikia angezirai.

Ikaita. Ikaita tena. Iliita mpaka ikanyamaza yenyewe. Tukapiga mara ya pili, na ya tatu, nami nikipiga kelele karibu na sikio lake, "Mama Simiyu, shika!" Hakushika. Nambari ngeni, si ya hospitali wala yangu, inaita bila kuchoka: kwake ilikuwa ni mtoto, aliyepewa nambari na mimi, na mtoto haliwi pesa. Naona picha yake hadi leo, amesimama na simu mkononi, anaitazama, amefurahi, hashiki.

Simiyu alirudisha simu mezani taratibu. Akajipangusa vumbi, mabega kwanza, kisha magoti. Akaniuliza kama gari la Kamukuywa bado lipo.

Kesho yake asubuhi mama alinipigia. Hakuflashi, alipiga, kwa pesa yake. Sauti ilikuwa imekauka kwa kulia na kuimba. Akaniambia kijana amefika, baba yake alimshika mkono akakataa kuuachilia, hakuna aliyetaja chuo wala kuwa mtu. Nikaanza kuomba msamaha kwa niaba ya Wafula, nikamwambia nimeshamgombeza vya kutosha, na nitaendelea.

"Usimgombeze," akasema. "Umsalimie sana. Mama Njeri, kama yeye hangeshika, mimi na mtoto wangu tungeitana hivyo mpaka mmoja wetu azikwe."